Darasa la Sinema la Jioni

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka]

Karibuni ninyi mlioko nyumbani, ninyi mlioko kwenye foleni ya maji na redio ndogo mkononi, na ninyi wa kambi nyingine katika nchi jirani mnaotusikiliza jioni hii.

Leo sizungumzii mgao wala chanjo. Nazungumzia sinema. Tena si sinema ya kuangalia na kurudi kulala, bali ya darasani. Kwa miezi kadhaa sasa, kila Jumanne na Alhamisi, watu wazima kama ishirini wa kambi yetu hukaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yakigonga ubao, wakisoma historia ya sinema na namna ya kuitazama. Mimi ni mmoja wao.

Tulipotangaza darasa hili, barua zilizoingia kwenye sanduku letu la maoni zilikuwa za aina mbili. Wengine waliuliza: sinema inasomwaje? Si unaangalia tu na macho yako? Na mmoja aliandika kwa hasira: watu hawana kuni, ninyi mnasoma sinema. Huyu wa kuni sitamkwepa. Nitafika kwake.

Kwanza mjue darasa lenyewe lilivyo. Mwalimu wetu alifundisha historia sekondari huko Kongo kabla ya kukimbia. Vifaa ni projekta ndogo, betri ya sola, spika moja na shuka jeupe tulilopigilia ukutani. Tunaitwa darasa la jioni, lakini tunaanza saa kumi na kumaliza kabla ya giza, kwa sababu akina mama walisema wazi kwamba usiku hawatembei. Kwa hiyo giza tunalitengeneza: mablanketi manne madirishani. Joto lake mnaweza kulifikiria. Cheti hakuna. Kijana mmoja aliposikia hakuna cheti aliondoka siku hiyohiyo, na simlaumu.

Somo la kwanza lilikuwa filamu isiyofika dakika moja. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walikuwa na kiwanda cha vifaa vya kupigia picha mjini Lyon. Mwaka 1895 waliweka kamera ng'ambo ya barabara, mbele ya geti la kiwanda chao, wakapiga picha wafanyakazi wakitoka kazini. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo walionyesha filamu kumi fupi mjini Paris, katika chumba cha chini cha mkahawa mmoja, kiingilio faranga moja. Siku hiyo hutajwa kama siku ya kuzaliwa kwa sinema.

Tuliiangalia ile ya geti. Wanawake kwa wanaume wanatoka, mbwa anapita, basi imekwisha. Tukasema ni watu wa kweli wanatoka kazini. Mwalimu akairudisha, akauliza: mmeona nini? Mama mmoja wa mtaa wa juu, ambaye tangu aingie hakuwa amesema neno, akasema: "Mbona hawaangalii kamera?" Akaendelea: "Hapa kwetu kamera ikija, watoto wote wanaikimbilia, na sisi wakubwa tunageuza shingo. Hao wameambiwa wasiangalie."

Mwalimu alicheka kwa furaha. Akatueleza kwamba filamu hiyo ilipigwa zaidi ya mara moja. Ziko tatu: katika moja linatoka gari la kukokotwa na farasi mmoja, katika nyingine farasi wawili, na katika nyingine farasi hayupo. Maana yake wafanyakazi walitoka getini, kisha wakatoka tena, na tena. Wale tuliodhani wanakwenda zao walikuwa wamepangwa. Na aliyewapanga, aliyeshika kamera, alikuwa mwenye kiwanda, tajiri wao. Kumbe tangu mwanzo kabisa swali la nani ameshika kamera na nani amesimama mbele yake lilikuwepo.

Somo lililowashtua watu wengi zaidi lilikuwa la Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, aliyefundisha sinema mjini Moscow miaka kama mia moja iliyopita. Inasimuliwa kwamba alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso mtulivu usioonyesha lolote. Akaiunganisha na picha ya sahani ya supu. Kisha uso uleule, na picha ya jeneza. Watazamaji wakamsifu mwigizaji: tazama anavyoitamani supu, tazama anavyolia moyoni! Uso ulikuwa mmoja, haukubadilika hata kidogo. Maana iliwekwa na ile picha iliyofuata.

Tukajaribu wenyewe kwa simu. Mzee mmoja wa darasa alikubali kupigwa uso wake kwa muda mfupi, ametulia. Tukauunganisha na sufuria ya maharage. Tukauunganisha tena na mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Mara ya tatu na gari jeupe linaloondoka kambini. Tukawaita watu wa nje waangalie. Kwenye sufuria wakasema mzee ana njaa. Kwenye mtoto wakasema anawakumbuka wajukuu aliowaacha. Kwenye gari, kijana mmoja akasema kwa huzuni ya kweli kabisa: huyu ombi lake la kwenda nchi ya tatu limekataliwa. Tulipomuuliza mzee alikuwa anawaza nini, akajibu alikuwa anasubiri tumalize akatafute mbuzi wake.

Tulicheka sana. Aliyekuwa hacheki ni yule mama wa mtaa wa juu. Akatusimulia jambo lake. Miaka kadhaa nyuma, wageni fulani walikuja na kamera kwenye bomba la maji. Yeye alikuwa anacheka kwa sababu jirani yake alimtania. Baadaye filamu ile ilionyeshwa, na yeye akajiona: kwanza ndoo mpya zinagawiwa, kisha uso wake unacheka. Msemaji akaeleza jinsi akina mama walivyofurahia ndoo. "Mimi ndoo sikupata," alisema. "Niliwaambia watu kwamba sikuwa nachekea ndoo, wakaniambia lakini tumekuona. Sasa ndiyo nimejua walivyofanya."

Hapa ndipo ninapomjibu ndugu yetu wa kuni. Filamu zinazopigwa humu kambini hazibaki humu. Zinakwenda kwa watu wenye uwezo wa kuchangia au kutochangia, na kwa watu wanaobishana kwao kama sisi tukae au turudishwe. Watu hao hawatakutana nasi kamwe. Watakutana na nyuso zetu, na picha zilizowekwa kabla na baada ya nyuso zetu. Kuni, maji, shule, nafasi ya kubaki: sehemu ya maamuzi hayo inapita katika picha. Asiyejua picha zinavyounganishwa hawezi hata kulalamika ipasavyo, kama mama yetu alivyobaki na uchungu wake bila maneno ya kuueleza.

Na hili lifahamike vizuri. Kwa kanuni za mashirika ya misaada, mtu hupigwa picha kwa ridhaa yake, na kukataa hakupaswi kukunyima huduma yoyote. Mgeni akija na kamera, una haki ya kumuuliza umetumwa na nani, hii itaonyeshwa wapi, jina langu litatajwa? Kama kuna watu uliowakimbia na hutaki wajue uliko, sema hapana, au mwambie akupige mgongo. Hapo huwi mkorofi.

[Muziki mfupi]

Tuendelee. Kuna sehemu ya historia hii iliyopita karibu sana na sisi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Walitengeneza filamu kama 35 kwa ajili ya Waafrika, sauti zake zikiwekwa kwenye sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha lori likazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, na hadi nchi ambazo leo tunaziita Malawi na Zambia. Zilifundisha kilimo, afya, na kuweka akiba posta badala ya kufukia pesa chini. Waigizaji walikuwa Waafrika. Walioamua filamu iseme nini hawakuwa Waafrika.

Maofisa wa wakati ule waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Kuna hadithi wanayoisimulia sana wasomi wa sinema. Ofisa mmoja alionyesha kijijini filamu ya usafi, taratibu kabisa. Akauliza: mmeona nini? Wakajibu: kuku. Ofisa hakujua kama kuna kuku katika filamu yake. Akaikagua kipande kwa kipande, na kweli, kuku alikuwa amepita pembeni kwa sekunde moja hivi. Basi hadithi hiyo ikatumika kuonyesha kwamba watu hawa hawaelewi sinema.

Darasani ilizuka kelele. Mmoja akasema kuku ni mali, lazima umwangalie. Lakini yule mzee wa mbuzi alisema jambo ambalo mwalimu aliliandika ubaoni: katika filamu nzima, kuku peke yake ndiye hakupangwa. Mimi naona mzee alikuwa amewaelewa watengenezaji kuliko wao walivyowaelewa watazamaji wao.

Upande wa Wafaransa kulikuwa na amri ya mwaka 1934 iliyotaka ruhusa ya serikali kabla ya kupiga filamu katika makoloni yao ya Afrika. Mwaka 1955 Paulin Vieyra na wenzake walipotaka kutengeneza filamu yao, waliipiga Paris, juu ya Waafrika wanaoishi Paris. Nyumbani kwao hawakupata ruhusa.

Sasa nifike kwa mtu ambaye darasa zima limempenda, Ousmane Sembène wa Senegal. Alizaliwa mwaka 1923, mtoto wa mvuvi. Shule aliiacha mapema. Akafanya kazi ya uashi, akapigana vita vya pili vya dunia katika jeshi la Wafaransa, akabeba mizigo bandarini Marseille. Huko bandarini, katika chama cha wafanyakazi, ndiko alikojisomea vitabu mpaka akawa mwandishi. Lakini akaona tatizo: anaandika Kifaransa, na mama wa sokoni kwao hasomi Kifaransa. Basi akiwa na umri unaokaribia miaka arobaini akaenda Moscow kujifunza sinema. Sinema yeye aliiita shule ya jioni, shule ya watu waliokwisha kutoka kazini. Niseme ukweli, wazee wetu waliposikia kwamba alianza karibu na arobaini, walikaa vizuri kwenye madawati.

Mwaka 1963 alitoa filamu fupi, Borom Sarret, ya mwendesha mkokoteni wa Dakar, kama dakika ishirini. Lakini iliyotushika ni Mandabi ya mwaka 1968. Mazungumzo yake ni ya Kiwolofu, maandishi ya chini Kifaransa. Kwetu waliosoma Kifaransa Kongo na Burundi ni wengi, kwa hiyo tukawa na watafsiri wawili wakigombania kila neno, na filamu ya saa moja na nusu tukaimaliza kwa siku mbili.

Ibrahima Dieng ni mtu mzima wa Dakar, hana kazi, ana wake wawili na watoto saba. Mpwa wake anafagia barabara Paris. Anamtumia hawala ya posta ya faranga 25,000. Nyingi ni za kumwekea yeye mwenyewe, 3,000 ni za mama yake, na 2,000 tu ni za Dieng. Habari zinafika mtaani kabla yake yeye. Wake zake wamekwisha kukopa mchele dukani kwa jina la hawala. Majirani wanakuja na shida zao. Dieng anakwenda posta, dirishani anaambiwa: kitambulisho. Hana. Anakwenda polisi, anaambiwa lete cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Anakwenda kutafuta cheti, anaulizwa ulizaliwa lini. Anajibu kama mwaka 1900 hivi. Karani anataka tarehe. Mpigapicha anakula pesa yake bila kumpa picha. Anapodai haki anaishia kutoka damu puani.

Wasikilizaji, nani kati yetu anahitaji kutafsiriwa hadithi hiyo? Nani hajasimama dirishani akaambiwa karatasi hii haitoshi, rudi na nyingine?

Mwishoni jamaa mmoja msomi, mwenye gari na tai, anamwambia Dieng amwandikie karatasi ya kumruhusu akachukue ile hawala kwa niaba yake. Dieng anatia sahihi. Jamaa anarudi na kusema pesa zimeibiwa. Anampa mchele.

Filamu ilipoisha palikuwa kimya, betri tu inalia. Kisha baba mmoja akasema mtoto wake yuko nje, humtumia pesa kwa simu, lakini laini imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine kwa sababu yeye hana karatasi inayotakiwa. Na kila mara mwenye jina hukata chake. "Sijawahi kumwambia mtu," alisema. "Nilidhani ni ujinga wangu." Waliomfuata kusema hivyohivyo walikuwa watano.

Lakini hatukuishia kwenye kuhuzunika, kwa sababu hilo ni darasa. Kipindi kilichofuata mwalimu aliuliza: Sembène amefanyaje mpaka mmechoka pamoja na Dieng? Tukairudia. Tukaona kwamba filamu inaanza na kinyozi chini ya mti, wembe unakaribia uso na pua ya Dieng. Tangu hapo tuko karibu naye sana, tunajua hata vinyweleo vyake. Tukaona anavyotembea, kanzu yake kubwa ikijaa upepo, mwendo wa mtu mwenye heshima, na jinsi mwendo huo unavyonyauka kila dirisha jipya. Tukaona barua ya mpwa inaposomwa, picha inatuhamisha Paris tukamwone akifagia, halafu inaturudisha. Hiyo ni kazi ya mhariri: kuvuka bahari kwa mkato mmoja. Na tukahesabu mara ambazo mkono wa Dieng unaingia mfukoni kutoa. Kupokea, karibu hatumwoni. Pesa yenyewe ya hawala haishiki hata siku moja, na sisi tunaingoja naye filamu nzima.

Mama mmoja akauliza kamera iko wapi Dieng anapokuwa dirishani. Akajijibu: iko upande wetu, wa foleni. Alibishiwa kidogo, wengine wakisema mara nyingine iko ndani kwa karani. Ubishi huo ulikwenda nusu saa na haukuisha. Huo ndio utamu wa kusoma sinema, ukitaka kujua.

Je, tumeacha vibanda vya video? Hatujaacha. Ijumaa mtatukuta huko, na Wahindi na Wanaijeria na ngumi zao. Wala darasani hatuwadharau watafsiri wa mikanda, watu kama Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, waliojulikana kwa kuweka Kiswahili juu ya filamu ya mtu na kuongeza vichekesho vyao. Wale ni watu walioamua kwamba filamu ikifika hapa itasema na watu wa hapa. Tofauti ni kwamba siku hizi shujaa akiruka kutoka ghorofani mmoja wetu ananong'ona "mkato," na jirani anamwambia anyamaze.

Kwa wenzetu wa kambi nyingine waliouliza namna ya kuanza: msingoje projekta. Watu sita na simu moja vinatosha. Chagueni filamu fupi, ya dakika ishirini au chini yake. Iangalieni mara ya kwanza bila kusema, mara ya pili mkiisimamisha. Kila inaposimama ulizeni kamera imewekwa wapi, kabla ya picha hii ilikuwa picha gani, na nani hayupo kwenye picha ingawa angepaswa kuwepo. Mpangieni ratiba yenu saa za akina mama, maana bila wao mtabaki vijana watupu mnaohesabu risasi. Na ongeeni na kiongozi wa mtaa mapema, ili walinzi wakiona mablanketi madirishani wasidhani mambo mengine.

Sisi wenyewe tumeanza filamu yetu ya dakika nne, ya foleni ya bomba la maji alfajiri. Bado hatujapiga hata picha moja. Tunabishana kamera ikae wapi: mwanzoni mwa foleni, karibu na bomba, au kule nyuma kwa mtu wa mwisho mwenye madumu matatu. Mama wa mtaa wa juu amekataa katakata ikae kwenye bomba. Amesema pia kwamba kila atakayeonekana aulizwe kwanza, na aonyeshwe filamu kabla ya mtu mwingine yeyote. Hilo limepita bila kupingwa.

Alhamisi hii tunaonyesha Borom Sarret, na mlango uko wazi hata kwa wasioandikishwa. Ni shule ya msingi iliyo karibu na kituo cha mgao, chumba cha mwisho upande wa miembe, saa kumi kamili. Wenye watoto wadogo waje nao, kuna mkeka nyuma. Na kama kuna mwenye shuka jeupe pana asilolitumia kwa sasa, tunaomba atuazime. Letu limetoboka katikati, na kila mtu anayepita kwenye filamu anapita na tundu kifuani.

[Muziki wa kufunga]